Kwa Dada Kabula, Uliyeenda Kusomea Ulevi Wetu

Dada Kabula,

Yule mgeni wetu, mama wa miwani, alipouliza mara ya pili, "Hapa nani anatumia gongo?", mimi sikumwangalia yeye. Nilikuwa nimesimama pembeni ya mlango wa zahanati nakuangalia wewe. Uso wako ulikuwa umetulia kama siku zote, ila vidole vyako vilikuwa vinakunja pindo la koti lako jeupe, vinakunja, vinakunjua. Nikajua umeogopa. Mabenchi yalikuwa yamejaa wachimbaji, na wote wameinamisha vichwa kama watoto walioulizwa nani kavunja chungu. Halafu Ngassa, ambaye kambi nzima inajua akilewa anaimba mpaka mbuzi wanaamka, akasimama akasema kwa sauti ya kanisani, "Mama, sisi hapa tunakunywa chai."

Yule kijana mwenye kompyuta, aliyekuja na mama wa miwani, akaanza kuifunga.

Nakuandikia mambo ambayo ulikuwepo, najua. Ila wewe ulikuwa mbele na wageni, mimi nilikuwa nyuma na watu, na huku nyuma vinaonekana vingine. Kwenye simu siwezi kukuambia. Ukipiga, kambi nzima inataka kukusalimia, na mimi nikipewa zamu nasema "mhola, dada, salama tu," halafu nampa mwingine. Unanijua. Hata kule nyumbani Samuye, mwalimu alidhani mimi bubu, ukaja wewe kumwambia, "Mwalimu, huyu anaongea, ila mpaka aangalie kwanza." Darasa la tano nikaacha, nikaenda kuchunga. Wewe ukaendelea. Kusoma vizuri nimejifunzia kwako, wakati wa likizo zako, nyuma ya zizi, unanisomesha maandishi ya mifuko ya mbegu na maboksi ya dawa ya ng'ombe. Kwa hiyo ukiona makosa humu, mwalimu ni wewe.

Unamkumbuka baba mdogo Luhende? Mimi namkumbuka kwa kicheko chake. Alikuwa anakunywa asubuhi kabla ya kushika jembe, anakunywa mchana, anakunywa jioni, na wala hakuwa mkorofi. Alikuwa anatubeba mimi na wewe kwa pamoja, mmoja bega hili, mmoja lile. Mwaka ule akaapa mbele ya katekista kwamba Kwaresima hii hagusi kitu. Na kweli hakugusa. Siku chache tu, akaanza kutetemeka. Akawa anafukuza siafu ukutani, siafu ambao sisi hatuwaoni. Akaanguka akakakamaa. Wazee wakasema amelogwa kwa sababu ya ule ugomvi wa malisho, wakampakia kwenye baiskeli kumpeleka kwa mganga. Akafia njiani.

Msibani ulikuwa umevaa sare ya sekondari. Ukamuuliza mama, "Mbona amekufa alipoacha? Mbona hakufa wakati anakunywa?" Mama akakuambia, "Mayu, mama yangu, nyamaza, watu wanalia." Ukanyamaza. Ila mimi nilikuwa nimekaa chini karibu na miguu yako, nikakuona. Lile swali hukulitupa. Ulilimeza tu.

Ukaja nalo mpaka huku machimboni. Umeshakuwa tabibu, umepangiwa hii zahanati yetu ng'ambo ya Mwakitolyo, mimi nilikuwa nimeshatangulia kuchimba. Nilifurahi kuliko nilivyoonyesha. Watu wakaanza kukuletea wanaume wanaotetemeka. Unawapima malaria, haipo. Wengine wameshapewa dawa za malaria za dukani bila kupimwa. Wenzao wanasema ni kifafa, wengine wanasema ni mizimu ya shimo. Jioni moja tunakula, ukaniuliza, "Masanja, hivi hawa huwa wanaanguka wakati gani?" Nikakuambia ninavyoona: mara nyingi ni duara jipya, shimo jipya, likianza kuchimbwa. Ukaacha kula. "Duara likianza kunakuwa na nini?" Nikasema, "Miko."

Maana huku hakuna anayezama kwenye shimo jipya hivi hivi. Bosi wa duara anamleta mganga, mganga anatoa miko: wanaume wasilale na wake zao, wasioge kwa sabuni, na wasiguse gongo mpaka jiwe lenye dhahabu lionekane. Anayenuka gongo anatolewa kwenye kundi, na mgawo wake umekwisha. Basi mtu aliyekuwa anakunywa kila siku tangu ujana wake anaacha siku moja, ghafla, kama baba mdogo. Baada ya siku kadhaa anaangukia chini kule, kwenye giza, na wenzake wanasema duara linadai damu. Wanachinja kuku.

Uliposikia hivyo ulifunika ugali wako. Ukasema, "Sina uhakika. Nikisema hivi sasa nitakuwa kama wao tu, nimebadilisha jina la mzimu."

Ndipo ukasikia kuna ufadhili wa kuwafundisha utafiti matabibu wanaotibu watu wa pombe na dawa za kulevya. Ulinieleza mpaka nikaelewa. Sio pesa ya kujenga jengo, sio semina ya siku moja ya kunywa soda na kupiga picha. Ni kumchukua mtu anayetibu, kama wewe, kumlipia, kumkalisha na walimu, ajue namna ya kuuliza swali mpaka apate jibu ambalo hata mbishi atalikubali. Mara ya kwanza ulipoomba ulikataliwa. Mtu mmoja mkubwa akakuambia, "Dada, wewe tibu, utafiti waachie wenye kazi yao." Ulinisimulia huku unacheka, unaosha vyombo. Lakini ile sufuria ulivyoisugua siku hiyo, nilidhani itatoboka.

Ukaomba tena. Safari hii wakajibu kwamba wanakuja kukuona kazini, waone kama hao watu unaowasema wapo. Wakiona hakuna kitu, nafasi anapewa mwingine. Ulinionyesha ujumbe, ukasema, "Masanja, mara ya tatu sitaomba. Nitakuwa nimechoka."

Kambini habari ikaenea. Ngassa akakukuta kisimani akakutania, "Mayu daktari, nasikia unataka kwenda kusomea ulevi? Mbona mbali? Mimi nimeshahitimu, njoo nikufundishe!" Watu wakacheka sana. Ukamjibu, "Sawa, mwalimu, nitakuja na daftari. Ila usije ukanikimbia nikianza kuuliza." Na kweli, siku ya kuulizwa, mwalimu alisema anakunywa chai.

Uliwaambia wageni wasiulize mbele ya watu wote. Nilikusikia. Uliwaambia wamwite mmoja mmoja kwenye kile chumba cha sindano. Lakini walikuwa na haraka ya kurudi Shinyanga mjini, na bosi Nkwabi, mwenye duara, akajileta mwenyewe bila kuitwa, akakaa benchi la mbele na koti lake la mvua, kifua mbele, kama ndiye mwenye zahanati. Na kundi lake lilikuwa ndani ya miko siku hizo hizo. Sasa nani atanyoosha mkono? Kunyoosha mkono ni kujitoa kwenye duara.

Kwa hiyo wakati kompyuta inafungwa, mimi nilikuwa namwangalia Shija wa kundi la bosi. Unajua mwili wa Shija ulivyo, mtu anayebeba mfuko wa mawe kama anabeba mtoto. Alikuwa ameshika kikombe cha chai na chai inaruka inamwagikia suruali. Akakiweka chini. Akaikalia mikono yake yote miwili. Jasho linamtoka, na kulikuwa na baridi ya mvua. Nikageuka kukuonyesha, kumbe umeshamwona. Ukawapita wageni, ukainama mbele yake.

"Shija, mhola?"

"Mhola, mayu," akasema. Meno yanagongana.

Halafu akaanguka na benchi lake.

Zahanati ikamwagika nje. Wengine walipitia dirishani, kweli nakuambia, Ngassa alipitia dirishani. Bosi Nkwabi akasimama akapiga kelele, "Nilisema! Duara linadai! Kamwiteni mganga!" Ukasema neno moja, "Masanja, kichwa," nami nikavua sweta nikamwekea chini ya kichwa. Ukamgeuza kwa ubavu. Mmoja akaja na kijiko anataka kumtia mdomoni, ukamwambia, "Toa hicho! Msimpe maji, msimkandamize, mwacheni apumue." Nesi akaleta sindano. Mikono yako haikutetemeka hata kidogo, dada. Ile iliyokuwa inakunja koti muda mfupi uliopita, ndiyo hiyo hiyo.

Mama wa miwani akapiga magoti kwenye vumbi na gauni lake zuri. Naye kumbe ni daktari. Akakuuliza, "Ana kifafa huyu?"

"Sijawahi kumwona nacho. Waulize alikunywa lini mara ya mwisho."

Akageuka akauliza. Wachimbaji wanachungulia mlangoni na madirishani, wanamwangalia bosi. Mimi nilijua jibu, ulimi ukawa mzito kama kawaida yangu. Ndipo ikatoka sauti dirishani, na beseni la maandazi juu kichwani. Mama Pendo. Maandazi anauza mchana, ila kinachomlisha kila mtu anakijua.

"Niulizeni mimi," akasema. "Huyu ni mteja wangu. Asubuhi anakuja kabla jogoo wangu hajashuka. Tangu mganga wao atoe miko hajanigusia mlango. Na sio yeye tu, hawa wote! Nimekaa na madumu yangu nikadhani wamehamia kwa mwenzangu."

"Mama Pendo, nyamaza! Wewe ndiye unayeharibu watu!" Bosi huyo.

"Nawaharibu mimi peke yangu? Wewe na mganga wako mnawaharibu kwa kuwakatisha kama mnakata kamba ya mbuzi. Na wewe bosi mbona sijakuona siku hizi? Hebu nyoosha mkono wako hapa tuuone."

Bosi Nkwabi akaiingiza mikono yote kwenye mifuko ya koti.

Watu wakacheka, dada. Mtu amelala chini, na watu wakacheka, kwa woga uliokuwa unawatoka. Ngassa akarudi ndani kwa mlango safari hii, akamsogelea mama wa miwani, akasema taratibu, "Mama, ile chai niliyokuambia. Inapikwa na huyu." Akafuata mwingine, akasema yeye anaona panya wakati panya hakuna. Mwingine akasema mdogo wake alianguka duara lililopita wakamzika. Wakawa wanasema wote, kijana wa kompyuta anafungua tena, hajui aandike la nani.

"Kumbe nina duara la walevi watupu!" Bosi akalia.

"Si uwafukuze," Mama Pendo akamwambia, "uzame mwenyewe."

Shija akafumbua macho. Akauliza nani kammwagia chai.

Sasa hapa ndipo nilipotaka kufika. Mama wa miwani alisimama akajikung'uta magoti, akakuuliza mbele ya kila mtu, "Kwa hiyo una ushahidi kwamba ni hiyo miko?" Mimi nikasema moyoni, haya, sema ndiyo. Mtu amelala hapo, Mama Pendo ameshatoa ushuhuda, wageni wameona kwa macho yao. Ungesema ndiyo nafasi ni yako. Hata mimi ningesema ndiyo.

Wewe ukasema, "Hapana. Sina. Nimeona tu. Mtu mmoja kuanguka mbele yenu sio ushahidi. Wapo walioanguka hapa kwa malaria kweli, wapo wenye kifafa kweli. Nataka kufundishwa namna ya kuwatenganisha. Ndicho nilichoomba."

Dada, mimi sijui utafiti. Lakini nimekaa na watu wa dhahabu, najua sura ya mtu aliyeshika jiwe akaapa lina mali wakati hajalisaga. Hapa kila siku tunaapa. Wewe ulikuwa na jiwe mkononi, watu wote wanakuambia linang'aa, ukasema bado halijasagwa. Nilijisikia kama nina vifua viwili kwa fahari. Nilitamani niwaambie watu, huyu ni dada yangu, tumetoka tumbo moja, ila kila mtu alikuwa anajua, na mimi ndivyo nilivyo, nikaokota benchi nikaliweka sawa.

Wakati wanapanda gari nilikuwa nawabebea boksi lao. Mama wa miwani akakuambia, "Siahidi kitu. Ila anza kutafuta mtu wa kukushikia zahanati." Wewe ukaitikia tu "Asante, mama," kwa adabu. Gari lilipokata kona ukajifunika uso kwa koti.

Jibu lilipokuja ulikuwa umekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, unamenya viazi. Ukasoma, ukanipa simu nisome mimi, maana ulisema macho yako hayaoni. Nikasoma polepole, kwa sauti. Wamekubali. Wanakulipia masomo na kuishi Dar, na utarudi kufanyia utafiti wako hapa hapa kwetu, na zahanati analetwa tabibu mwingine ukiwa huko. Lile neno "utafiti" nilikwama, ukanisaidia huku unalia.

Sio wote walifurahi. Wapo waliosema unaenda Dar kutusema, utaandika majina yetu tuonekane takataka. Ukapita kibanda kwa kibanda kabla ya kuondoka, unawaeleza kwamba jina la mtu haliandikwi, na asiyetaka kuulizwa haulizwi na dawa atapata vile vile. Mama Pendo alikuletea karanga za njiani. Ukamwambia, "Mama Pendo, mimi nikifaulu biashara yako inakufa, unajua?" Akasema, "Nitauza maziwa. We nenda, utachelewa basi."

Umeuliza kwenye ujumbe hali ikoje. Nakwambia nilivyoona. Tabibu mgeni ni mkimya, ila ameshika ulivyomwachia. Bosi Nkwabi aligombana na mganga, wakapatana. Siku hizi kundi lake kabla ya miko linapita zahanati kwanza, wale wa kunywa kila siku wanapunguziwa taratibu na dawa, ndipo wanazama. Mganga anasema aliota mwenyewe kwamba iwe hivyo. Tumemwacha na ndoto yake. Lakini maduara mengine hawataki kusikia. Na upande wa Kharumwa nimesikia ameanguka mtu shimoni, wamezika, wamechinja, wamerudi kuchimba. Niliposikia nikasema, soma haraka, dada. Halafu nikasema hapana, soma vizuri.

Shija hajaacha kabisa, nisikudanganye. Anaacha, anarudi. Ila akirudi anamwambia tabibu mwenyewe, hajifichi. Anasema wewe ulimkuta anakaribia kuanguka ukamsalimia kama mtu aliyesimama.

Ile picha yako uliyotuma, umekaa darasani na wenzako, nimeiangalia sana. Upande huu madaktari wa mikoa mingine, upande ule sijui wa wapi, na katikati wewe, umesuka zile nywele za Samuye. Nimewaonyesha mpaka wauza vocha. Hawanijui kwa kuongea, wameshangaa. Mama nyumbani ameniambia nimsomee ujumbe wako tena na tena kwenye simu, halafu akasema, "Siku ile ya msiba nilimnyamazisha." Nikamwambia hujakasirika. Sikukuuliza, nilisema tu. Niliona ni kweli.

Sasa niache hapa, dada, naitwa. Leo ndiyo ile siku uliyosema unasimama mbele ya walimu wako kutoa swali lako, na wanataka wasikie kutoka kwa watu wenyewe kama wamekubali kuulizwa. Simu yangu ndiyo yenye chaji, na mtandao unashika vizuri ukisimama barazani pa zahanati. Wameshajaa pale, Ngassa ameoga, bosi Nkwabi amekuja na koti lake. Walibishana nani aanze kusema, wakakubaliana aanze mtu ambaye hajawahi kudanganya mkutanoni, na wakaona ni mimi tu, kwa sababu sijawahi kusema chochote. Mama Pendo anapiga makofi mlangoni, anasema, "Masanja, toka, utamwangusha dada yako!"

Barua hii nitaifunga nikirudi. Naenda kusema ndiyo, kwa sauti, usikie mpaka huko.

Mdogo wako wa tumbo moja